Mwanga wa Iramba

Mimi hapa mnayeniona nimewahi kuwa mchawi wa wilaya nzima. Wachawi wengine hunong'onwa visimani tu, mtu akigeuka wananyamaza. Mimi nilitangazwa kwa wino, nikatundikwa dukani, na karatasi ilitolewa na serikali ya Mwingereza. Kwa hiyo mtu asije akaniambia habari za kusingiziwa.

Naitwa Klara, wa Ulemo, mama yake Dina. Miaka ile, Uhuru haujaanza hata kutajwa kwa sauti huku kwetu, boma la Kiomboi lilikuwa na gazeti lake dogo. Kurasa zake chache, na lilitoka pale lilipojisikia kutoka. Jina lake lilikuwa *Mwanga wa Iramba*. Sasa sisi tuliofundishwa Kiswahili misheni, mwanga ni nuru. Taa ina mwanga, jua lina mwanga, Neno la Mungu lina mwanga. Mwanga mwingine hakuna aliyetufundisha. Mchawi tulimwita mchawi, na nyumbani tulimwita kwa Kinyiramba, tena kwa sauti ya chini.

Mwaka huo mvua ilikuwa ya kubahatisha, lakini shamba langu la mtama lilikubali. Masuke yalijaa mpaka yakainama. Basi akaja Leonidas, karani wa boma, ambaye ndiye aliyekuwa akitengeneza lile gazeti. Kijana mwembamba, nywele kazichana kwa njia katikati, kamera ya boma inaning'inia shingoni. Akanishikisha masuke ya mtama, akanisimamisha uani.

"Mama, usiangalie mtama. Niangalie mimi, hapa kwenye kioo."

"Nikukodolee macho mtoto wa watu, kwa lipi?"

"Ndiyo desturi ya jalada, mama. Uso wa mbele lazima umwangalie msomaji machoni. Mtu akipita dukani aone kama anaitwa."

Nikamkodolea. Mughwai, mume wangu, alikuwa amekaa kwenye kigoda anacheka kimya kimya. Yeye maneno yake yote kwa mwaka yangeenea kwenye kibaba. Leonidas akapiga picha, akanywa togwa, akaondoka, na mimi nikarudi kupura mtama wangu.

Wakati huo Dina wangu alikuwa ameposwa. Mchumba wake ni Paskali, fundi wa magari kule Shelui, chini ya mlima Sekenke, malori yanakopumzika. Mama yake Paskali aliitwa Magdalena, mjane, mrefu wa kuinama mlangoni, aliyekuwa akiwapikia madereva chai na chapati. Tulishapokea posa, tangazo lilishasomwa kanisani, na Dina alikuwa anaimba hata akichota maji. Nampenda yule mtoto, nasema wazi. Nilizaa wengine wakanitoka, akabaki yeye, na furaha yake ilikuwa ndiyo chakula changu.

Gazeti likatoka. Loo! Mwinjilisti alituletea nakala moja baada ya ibada, na Mughwai alikwenda kunawa mikono kwanza ndipo akaishika. Mimi! Uso wangu umejaa karatasi nzima! Watu wa Ulemo walipanga mstari kuniangalia, nami nimekaa pale pale mbele yao wakiniangalia kwenye karatasi. Wengine walitamka jina la gazeti kwa sauti, *Mwanga wa Iramba*, wakasema kweli, huyu mama ni nuru yetu. Nilivimba kichwa, sikatai. Hata shambani nilikuwa natembea taratibu.

Halafu akaja Paskali. Amesukuma baiskeli kupanda Sekenke yote ile, shati limemganda mgongoni. Nikamwekea maji, hakunywa. Dina akatoka jikoni anatabasamu, akamwona uso, tabasamu likakatika.

"Shikamoo mama," Paskali akasema, macho chini. "Mama anasema harusi tuisimamishe kwanza."

"Marahaba. Isimamishwe kwa sababu gani?"

Akatoa gazeti kutoka ndani ya shati. Lilikuwa limejikunja na kulowa jasho, na bado macho yangu yalikuwa yananiangalia.

"Mama, kule Shelui mwanga siyo taa."

Nikamwambia aseme kama mtu mzima. Ndipo akaeleza. Kule Shelui, Kiswahili kilianzia kwenye maduka, na wenye maduka babu zao walitoka pwani. Kwao mwanga ni mchawi. Yule hasa anayetoka usiku kucheza uchi kwenye nyua za watu. Bi Mwantum mwenye duka alikuwa ametundika gazeti mlangoni, na kwa kuwa wengi hawajui kusoma, wakamuuliza hapo juu pameandikwaje. Akawasomea. Mwanga wa Iramba. Halafu mtu mmoja akasema, mbona huyo ni mkwe wa Magdalena?

Moto ulinipanda mpaka masikioni. "Mimi? Mchawi? Na wao wameamini karatasi?"

"Si jina peke yake, mama," Paskali akasema taratibu. "Iangalie mwenyewe."

Nikaiangalia. Yesu wangu! Ile picha niliyoipenda wiki nzima ilinigeuka mikononi. Juu ya kichwa changu, kwa herufi za unene wa kidole, MWANGA. Chini yake, kwa herufi ndogo, *wa Iramba*, yaani hawakutosheka kunipa kijiji, wakanipa wilaya. Macho yamekodoka, na ukienda kushoto yanakufuata, ukienda kulia yanakufuata. Kunikata wamenikata kiunoni, miguu hakuna, na uani kwangu wamepafuta pote, nyuma yangu weupe mtupu, nimesimama hewani. Pembeni, kwa wino mweusi: JIRANI WALIKOSA, YEYE KAVUNA. Na chini kabisa: SIRI YAKE IKO NDANI!

Nauliza, hapo ungekuwa wewe ungesemaje? Siri yenyewe ndani ilikuwa samadi ya ng'ombe. Lakini nani alifika ndani?

Dina hakulia. Afadhali angelia. Alichukua ndoo, akaenda kuchota maji wakati mitungi imejaa, akarudi, akaenda tena. Hakuimba. Nilimwona anavyoweka mguu kwenye ile njia nikajua kwamba mwanangu anaondoka moyoni huku mimi nimekaa. Nikachukua khanga yangu, nikamwambia Mughwai, "Naenda bomani." Mughwai akasema, "Nenda." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Leonidas nilimkuta ofisini kwake, chumba kidogo kimejaa makaratasi na harufu ya gundi. Sikumwacha asimame.

"Wewe mtoto, umeniuza! Nimekupa togwa nyumbani kwangu, ukaniandika mchawi juu ya kichwa?"

Maskini, alinywea. Nilipomweleza habari za Shelui alishika kichwa kwa mikono miwili mpaka ile njia ya nywele ikapotea. Yeye ni mtoto wa misheni vile vile. Hilo neno la pwani hakulijua hata kidogo.

"Mama, nihurumie. Sikukuandika wewe. Hilo ni jina la gazeti! Jina la gazeti huwa linakaa juu, mahali pale pale, siku zote. Anayebadilika ni aliye chini."

"Na mimi nitajuaje? Kwenye sanduku la sabuni, chini ya neno sabuni kuna nini?"

"Sabuni," akasema.

"Ehe."

Halafu akaanza kunieleza, kwa upole, na nitasema ukweli, alikuwa anaipenda kazi yake. Alikuwa na magazeti makubwa ya Nairobi na ya Ulaya, akanifungulia moja baada ya jingine. Kila moja uso mkubwa, macho kwa msomaji. Miguu hukatwa ili uso upate nafasi. Nyuma huachwa peupe ili jicho lisipotee. Maneno ya pembeni kazi yake ni kukutamanisha ufungue, kwa hiyo hayasemi yote, na siri ni neno wanalolipenda kuliko yote. Bei hukaa konani isimkere mtu. Nikaona kweli, wazungu wanawake kwa wanaume wamekatwa viunoni, wote wana siri ndani. Kwenye mengine kichwa cha mtu kilikuwa kimepanda mpaka kimefunika herufi za jina.

"Na hawa je? Wamekosea?"

"Hapana, hao wamefika," akasema, na macho yakang'aa. "Gazeti likishajulikana, kichwa kinaweza kufunika herufi na watu wakalisoma vile vile. Sisi bado wachanga. Sijathubutu."

"Badilisha jina," nikamwambia.

Akasema haiwezekani. Lilikwisha kuchongwa kwenye kibao cha chuma, kibao kiko Dar es Salaam kwa wachapaji, na Bwana Shauri, mzungu mkubwa wa boma, analipenda. Ila angetoa masahihisho, ukurasa wa mwisho.

"Kwa herufi za namna gani?"

Akanionyesha. Zilikuwa za sisimizi.

"Nimetukanwa mbele kwa herufi za kidole, utanisafisha nyuma kwa herufi za sisimizi?"

Alikaribia kulia, nami huruma ikanishika, maana alikuwa na umri wa wale wanangu walionitoka. Akafungua kabati akanipa matoleo yote ya nyuma. "Waonyeshe haya, mama. Wataelewa." Nikayafunga ndani ya khanga, nikaondoka bila kuaga vizuri. Lakini nilimwachia karanga mezani. Hasira yangu ndivyo ilivyo, haijui kufunga mlango vizuri.

Nikateremka Shelui na Dina, tumepanda lori la chumvi. Sekenke ile, kila kona nasali. Dukani kwa Bi Mwantum palikuwa na watu, na waliponiona njia ikafunguka pana kuliko inavyohitajika. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma ya gauni. Nilihisi mkono wa Dina unatafuta wangu.

Na Magdalena alikuwepo, amekuja kununua ngano. Alinisalimu kwa heshima yote, akarudi pembeni, akasimama na mfuko wake.

"Bi Mwantum," nikasema, "hujambo."

"Sijambo, mama. Karibu." Lakini alikuwa nyuma ya kaunta, na hakutoka.

Nikafungua khanga, nikayapanga magazeti kwenye kaunta, mstari mmoja. "Nisomee hili. Juu pameandikwaje?"

"Mwanga."

"Na chini yake nani?"

Akachungulia. "Fahali."

"Fahali naye anacheza uchi usiku?"

"Fahali hana nguo hata mchana," mtu mmoja akasema nyuma, watu wakaanza kukohoa vicheko.

"Nisomee na hili."

"Mwanga. Na chini ni... astaghfirullahi, ni kanisa!" Akaanza kuyashika mwenyewe, moja moja, haraka haraka. "Mwanga, daraja. Mwanga, mwanga... Kumbe! Kumbe hili ni jina la gazeti lenyewe! Wallahi, mama, mimi nimesoma Kurani na nimesoma mizani, mambo haya ya magazeti nani aliniambia?" Akalifikia la mwisho, picha ya Bwana Shauri mwenyewe na kofia yake. Akaliangalia kwa muda. "Ila huyu," akasema, "nisingebisha."

Duka zima lilipasuka. Dereva wa lori alijishika mlangoni. Bi Mwantum akatoka nyuma ya kaunta, akanishika mabega, akaniomba radhi mbele ya watu, akamwomba na Dina. Yule mama akamwachia mtoto wake. Nami nikacheka, nikajua mambo yamekwisha. Nikageuka kumtafuta Magdalena ili tucheke wote, nikaona hacheki. Alikuwa ameshachukua ngano yake, anatoka.

Mtumee! Damu ikapanda tena. Nikamfuata mpaka kibandani kwake, kwenye moto na sufuria, Dina nyuma yangu anasema mama taratibu. Taratibu nitaitoa wapi?

"Mkwe! Umeona kwa macho yako. Bado unataka nini? Nikuletee na malaika?"

Magdalena akaweka mfuko chini. Akamwangalia Dina, akasema, "Mwanangu, nisaidie kukanda." Dina akaanza kukanda. Ndipo akaniambia, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mkwe, mimi sikuamini. Hata siku ya kwanza sikuamini. Nakujua."

"Sasa?"

"Watoto wangu wa kwanza walikufa. Kabla ya Paskali. Ndugu za mume wangu wakasema ni mimi. Hakuna aliyeandika popote. Walisema tu. Nilihama kwa sababu hiyo, tukaja huku chini, mume wangu akaacha mashamba ya baba yake kwa ajili yangu. Lile neno lilichukua miaka kunitoka mlangoni. Niliposikia watu wanalitaja tena pamoja na jina la nyumba yangu, nikamtuma Paskali kwako. Leo wamecheka. Kesho mtoto wa Dina akiugua homa, watakumbuka picha."

Hasira yote niliyoibeba kutoka Ulemo, kupitia Kiomboi, mpaka Shelui, ikateremka, nikakaa juu ya gogo la kuni nikalia. Nilimlilia yeye na wanangu na wake. Dina alikuwa anakanda ngano na machozi yanaingia humo humo, na sidhani kama madereva walijua kwa nini chapati za siku ile zilikuwa na chumvi.

Magdalena alichoma chapati ya kwanza, akaigeuza, akaitoa. Halafu akauliza, "Huyo kijana wa kamera atapiga picha tena lini?"

"Wa nini huyo? Nimemtukana wa kutosha."

"Aje anipige na mimi. Na wewe. Hapo hapo chini ya hilo neno."

Nilidhani moshi umemwingia kichwani. "Magdalena, wewe? Baada ya hayo uliyoniambia?"

"Nimekimbia vya kutosha," akasema. "Na wakikuona peke yako tena watasema. Wakituona wawili tumeshikana, watuseme wawili. Kula chapati, inapoa."

Leonidas alikuja mbio, nadhani angekuja hata kwa magoti. Akatuweka mbele ya kibanda, bega kwa bega, Magdalena na kilemba chake kirefu, mimi nikimfikia kidevuni. "Mama zangu, macho huku." Mimi nilikuwa nimeshajifunza, nikakodoa. Magdalena akakataa. Alikuwa ananiangalia mimi na kucheka jinsi nilivyokodoa.

"Mama, desturi ya jalada..."

"Desturi ije iniombe yenyewe," Magdalena akasema. Leonidas akapiga hivyo hivyo. Nikamwonya kuhusu miguu, akasema atajitahidi. Nikamwonya kuhusu siri, akaapa haitakuwepo.

Tarehe ya harusi ikarudishwa. Wiki ile ile ya harusi, tuko Shelui tunapanga mambo ya chakula, lori likashusha furushi la magazeti dukani. Bi Mwantum akakata kamba. Akaangalia nakala ya juu, akaiweka kifudifudi haraka.

"Nini?" nikauliza.

"Hamna kitu."

Nikaichukua. Picha ilikuwa nzuri, Mungu anajua. Miguu yetu yote ipo, na vumbi la Shelui vidoleni. Mimi nimekodoa, Magdalena anacheka, mkono wake begani kwangu. Pembeni pameandikwa tu: WAKWE WA SHELUI NA ULEMO. Lakini Leonidas, mtoto yule, safari hii alikuwa amethubutu. Aliona gazeti lake sasa linajulikana, akaacha kichwa kifunike jina. Kilemba cha Magdalena kilikuwa kimepanda mpaka juu, kikaimeza ile M. Palipobaki palikuwa WANGA, yaani wachawi. Na lile *wa Iramba* la chini halikuhitaji hata kubadilishwa, lilikaa sawasawa na wingi kama lilivyokaa na umoja.

Watu walimjua Magdalena, na waliokuwa wakubwa walijua alikotoka. Paskali alisimama mlangoni na kreti la soda mikononi, hajui aliweke au aondoke nalo. Dina alinikata jicho la kuniomba: mama, tafadhali, usiseme.

Magdalena hajui kusoma. Akaja, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akajiona. Akapitisha kidole juu ya herufi, polepole, mpaka kwenye kilemba chake.

"Hapa pameandikwaje, mkwe?"

Ningeweza kusema nuru. Bi Mwantum alikuwa ananitikisia kichwa niseme nuru. Lakini huyu mama alikuwa amekaa chini ya neno lile kwa ajili ya mwanangu, na mimi nimdanganye kwenye uso wake mwenyewe?

"Pameandikwa wanga," nikamwambia. "Kilemba chako kimeficha herufi."

Akaangalia tena ile picha, kwangu, kwake, kwangu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha kutoka tumboni ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Alicheka mpaka akashika kaunta, mpaka Paskali akaweka kreti chini, mpaka na mimi nikashindwa.

"Haya, Bi Mwantum, litundike mlangoni," akasema, anafuta macho kwa upindo wa kilemba kile kile. "Ile ya kwanza walimwandika mkwe peke yake. Hii wametuandika wote."